Leiden ya kupunga upepo: mwongozo kamili wa kona zilizojificha, hatua kwa hatua

Wengi wetu tukifika Uholanzi, awe mtu kaja kusoma, kaja kumsalimia shangazi yake The Hague au ana masaa ya kusubiri ndege pale Schiphol, tunakimbilia Amsterdam. Sawa, kaione. Ila ukishachoka kusukumana na watu na kulipia kila kitu, panda treni uende Leiden. Ni mji wa zamani, una mifereji, madaraja na chuo kikuu cha 1575, na kitu wasichokuambia ni kwamba sehemu zake tamu nyingi ziko nyuma ya milango na vichochoro ambavyo mgeni anaona haya kuingia, na nyingi hazina kiingilio. Kuna wanaoshuka Leiden kila mwaka majira ya maua ya tulip, wanapanda basi la bustani ya Keukenhof hapo hapo stesheni na kurudi zao bila hata kuvuka barabara kuingia mjini, aisee inauma.

Mwongozo huu ni wa siku moja kwa miguu, kuanzia asubuhi mpaka jioni, na nimeupanga kwa mtiririko wa njia yenyewe ili usizunguke bure.

Hatua ya 1: chagua siku

Jumatatu iache kama unaweza, makumbusho mengi ya kule hufungwa. Jumatano na Jumamosi kuna soko kubwa pembeni ya mto, kwa hiyo ukipenda kelele na chakula ndo siku zako, ukipenda utulivu kabisa nenda Jumanne au Alhamisi. Jumapili asubuhi mji unalala, mitaa unaachiwa wewe na paka.

Halafu kuna tarehe 3 Oktoba. Hiyo ni sikukuu ya mji mzima, wanakumbuka 1574 walipookolewa kutoka kwenye mzingiro wa jeshi la Hispania, baada ya wenzao kubomoa kingo za maji makusudi ili bonde lote lifurike na mashua ziweze kufika na chakula. Mpaka leo siku hiyo watu wanagawiwa samaki wa heringi na mkate mweupe, na majumbani wanapika hutspot, yaani viazi, karoti na vitunguu vilivyopondwa pamoja. Raha sana, lakini mji unajaa hadi pa kukanyaga hupati, kwa hiyo kama lengo ni kupumzika siku hiyo ikwepe. Ikiangukia Jumapili wanaisogeza kesho yake.

Hatua ya 2: kufika bila kupigwa faini

Kutoka Schiphol ni kama robo saa hadi dakika ishirini kwa treni, kutoka Amsterdam Centraal ni nusu saa na ushee, na kutoka The Hague ukifungua tu stori na jirani yako mmefika. Siku hizi huhitaji kukata tiketi ya karatasi, unagusisha kadi ya benki kwenye mashine unapoingia na unagusisha tena unapotoka, kadi ile ile, na kama uliingia kwa simu basi utoke kwa simu hiyo hiyo usije ukachanganya ukakatwa mara mbili. Kadi iwe ile yenye alama ya mawimbi, hakikisha na benki yako kabla hujaondoka nyumbani.

Kitu kimoja Schiphol: kuna treni imeandikwa Intercity direct inayokwenda Rotterdam, hiyo usipande, inapita njia ya kasi na haisimami Leiden, na juu yake ina malipo ya ziada. Tafuta Intercity ya kawaida au Sprinter iliyoandika Leiden Centraal.

Ukishuka, stesheni ina milango miwili. Mmoja unatokea hospitali, mwingine umeandikwa Centrum. Toka wa Centrum.

Hatua ya 3: geuka kulia wakati wenzako wanageuka kushoto

Shuka na barabara inayotoka stesheni, utaona kinu cha upepo kikubwa kushoto, hicho ni De Valk cha 1743, na ndani ni makumbusho, ukipenda ngazi panda. Kila mtu anakipiga picha hicho na kuendelea Haarlemmerstraat, mtaa wa maduka. Huko achana nako kwanza, maduka yenyewe ndo yale yale ya kila mji wa Ulaya.

Wewe ukifika uwanja wa Beestenmarkt kata kulia ufuate maji mpaka sehemu inaitwa Galgewater. Hapo pametulia ajabu. Kuna mashua za zamani zimefungwa kando, kuna daraja jeupe la mbao, kuna kinu kingine kidogo kinaitwa De Put ambacho ni cha kujengwa upya miaka ya 1980 lakini kimetulia pale kama kimezaliwa hapo, na jirani kuna Morspoort, lango la mji la 1669. Uchochoro wa Weddesteeg hapo karibu ndiko alikozaliwa mchoraji Rembrandt 1606, nyumba yenyewe haipo tena, kuna kibao tu, kwa hiyo usipoteze muda kuitafuta. Kaa kwenye benchi linaloangalia maji, kunywa kahawa yako, asubuhi jua linapiga vizuri upande huo.

Hatua ya 4: Rapenburg, na hekalu la Misri la bure

Kutoka hapo vuka kurudi upande wa mji, ulizia Rapenburg. Ni mfereji wenye miti pande zote mbili na nyumba za matajiri wa zamani, na binafsi naona unaishinda mifereji mingi ya Amsterdam kwa sababu unaweza kusimama katikati ya daraja ukashangaa na hakuna mtu anayekusukuma. Tembea polepole, lakini ole wako usimame kwenye njia ya baiskeli, hawa watu ni wapole kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Namba 28 ni makumbusho ya mambo ya kale, Rijksmuseum van Oudheden. Ingia mlangoni hata kama huna mpango wa kulipa. Ukumbini pale kuna hekalu zima la mawe, hekalu la Taffeh kutoka Nubia, la enzi za Warumi. Misri iliwapa Waholanzi zawadi 1969 kwa msaada wao wakati wa kuokoa mahekalu yaliyokuwa yanataka kumezwa na bwawa la Aswan, wakalileta jiwe kwa jiwe na kulijenga tena ndani, na unaliona bila kukata tiketi. Kaa kidogo hapo. Mawe ya kandokando ya Nile yetu, yako chini ya paa Uholanzi, mvua inanyesha nje, we acha tu.

Ukiendelea utaanza kuona mashairi ukutani. Hii ni kazi iliyoanza 1992, wachoraji wakawa wanaandika mashairi ya lugha mbalimbali kwenye kuta za nyumba za watu, kwa herufi za lugha yenyewe, mpaka yakafika 101 mwaka 2005. Kuna Kirusi, Kijapani, Kiarabu, na soneti ya Shakespeare ya namba 30 imewekwa Rapenburg namba 30, wamecheza hapo. Usijipe kazi ya kuyatafuta yote kwa ramani, utaharibu siku. Inua tu macho ukikata kona. Baadaye wakaanza na fomula za fizikia pia, ile ya Einstein kuhusu mvutano iko kwenye ukuta wa makumbusho ya Boerhaave, maana Einstein alikuwa anakuja kufundisha hapa, na hapa hapa mwanafizikia Kamerlingh Onnes ndo aligeuza gesi ya heli kuwa kimiminika kwa mara ya kwanza duniani, 1908.

Hatua ya 5: bustani ya Hortus, hapa lipa

Rapenburg namba 73 ni jengo kuu la chuo, linafanana na kanisa kwa sababu lilikuwa kanisa la masista. Pita langoni, nyuma yake kuna Hortus botanicus, bustani ya mimea ya tangu 1590, kati ya kongwe kabisa duniani zinazoendelea. Kiingilio kipo, na mwenye Museumkaart, ile kadi ya makumbusho ya Uholanzi, anaingia nayo. Kama mfuko wako unaruhusu kulipia sehemu moja tu siku hiyo, lipia hii.

Kwa nini? Kwanza nafasi. Miti mikubwa, nyasi, mabenchi yanayotazama mfereji wa nje wa mji, na mti mmoja wa 1601 wenye maua ya njano yanayoning'inia mwezi wa tano. Pili nyumba za vioo zenye joto, hasa kwa sisi tuliolelewa kwenye jua, ukiingia pale mwezi wa kwanza miwani inafunga ukungu na unasikia harufu ya udongo uliolowa, mwili wote unafunguka. Kuna bwawa la yale mayungiyungi ya majani mapana kama sinia. Tatu ile bustani ndogo ya Clusius, yule mtaalamu aliyekuja Leiden 1593 na vitunguu vyake vya tulip, mwaka uliofuata vikachanua, na kelele zote za tulip za Uholanzi zikashika kasi kuanzia hapo. Wameipanda upya kwa mpangilio wa zamani, vijisehemu vidogo vidogo vya mstatili, mimea moja moja. Wengi hawafiki kule, wanaishia kwenye vioo.

Pembeni kuna jengo la kuba, ile ni rasadi ya zamani ya chuo, ya miaka ya 1860, wanasayansi walikuwa wanatazamia nyota katikati ya mji.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna kitu kingine mitaa ya karibu, ng'ambo ya mfereji wa Witte Singel kwenye majengo ya chuo: maktaba ya Afrika-Studiecentrum. Kituo hicho ni cha tangu 1947 na kinakusanya vitabu vya Afrika nzima, vya Kiswahili vikiwemo, na Leiden Kiswahili kimefundishwa miaka mingi tu. Sio sehemu ya utalii, ni ya kusoma, ila kama una saa moja na mvua imeshika, kukaa Leiden unasoma riwaya ya Kiswahili ni starehe ya aina yake. Angalia saa zao za kufungua kabla hujaenda.

Hatua ya 6: sukuma mlango, hofje

Hapa ndo penyewe. Leiden ina hofje 35. Hofje ni ua wenye vijumba vidogo vimeuzunguka, vilivyojengwa na matajiri waliousia mali zao wajengewe wazee na masikini, hasa wanawake wajane au wasioolewa. Ukiwa mtaani huoni kitu, ni ukuta na mlango tu, kama nyumba za Mji Mkongwe Zanzibar ambazo nje kuna ukuta mkavu halafu ndani ndo kuna ua, maji na kivuli. Ukisukuma mlango unakuta majani, pampu ya maji ya zamani, mawaridi, baiskeli ya mtu, na ukimya ambao huamini kama umetoka barabarani sekunde tano zilizopita.

Adabu zake ni hizi, na tafadhali zishike ili wasije wakafunga milango yote. Nenda mchana tu. Mlango ukiwa umefungwa basi umefungwa, usigonge. Ingia mmoja au wawili, sio kundi la watu kumi na spika. Ongea chini. Usichungulie madirishani wala usipige picha za watu, pale ni nyumbani kwao na kuna bibi kakaa na chai yake. Ukikutana na mtu msalimie, “goedemiddag” inatosha, wengi watakujibu kwa tabasamu, na ukipata mzee mwenye stori usiwe na haraka ya kuondoka.

Za kuanzia:

Jean Pesijnhof, uchochoro wa Kloksteeg, mkabala na kanisa la Pieterskerk. Ni ndogo, ya 1683. Kwenye kiwanja hiki aliishi mchungaji John Robinson, kiongozi wa wale Waingereza waliokimbilia Leiden 1609 kwa ajili ya dini yao, na kundi lao ndo likaondoka 1620 na sehemu yao wakapanda Mayflower kwenda Marekani. Robinson mwenyewe alibaki na kazikwa Pieterskerk hapo mbele. Mke wa mwenye hofje alikuwa wa ukoo wa De la Noye, na ukoo huo ndo ulikuja kuitwa Delano kule Marekani, ndo ile Delano ya katikati ya jina la rais Roosevelt.

Eva van Hoogeveenshofje, Doelensteeg, ya katikati ya karne ya 17. Kwangu mimi hii ndo nzuri kuliko zote kwa bustani. Mwenyewe alikuwa mwanamke tajiri ambaye hakuolewa, akaacha mali yake ijenge makazi ya wanawake wengine.

Meermansburg, Oude Vest, ya 1683, ndo kubwa kuliko zote, ua wake ni kama kiwanja. Na St. Annahofje mtaa wa Hooigracht ina kikanisa chake kidogo cha tangu kabla ya Waholanzi kugeukia Uprotestanti. Ile kongwe inaitwa Jeruzalemshofje, ya 1467, Kaiserstraat.

Tatu kwa siku zinatosha. Ukienda kumi zinaanza kufanana na inakuwa kazi.

Hatua ya 7: chakula

Njaa ikiuma katiza kwa Pieterskerk, pita Breestraat mbele ya jumba la manispaa, ushuke mpaka mto wa Nieuwe Rijn. Siku za soko meza zimejaa pande zote. Heringi mbichi iliyotiwa chumvi na vitunguu ni ya kujaribu kama una roho ngumu, kama huna basi chukua kibbeling, vipande vya samaki vya kukaanga, hapo hata mtu wa Tanga hatalalamika sana. Stroopwafel, ile biskuti bapa yenye sharubati tamu katikati, ichukue ya moto inayotengenezwa mbele yako, ya kwenye pakiti ni habari nyingine. Asiyependa baridi kwenye sahani atafute duka la Wasuriname, watu wa Suriname ya Amerika Kusini, roti na kuku na viazi, pilipili iko kando.

Kadi iwe karibu, wauzaji wengi hawataki keshi. Kuna migahawa imeweka meza zake juu ya majahazi mapana yanayoelea mtoni, kaa huko kama jua lipo, na usishtuke ukikaa dakika kumi hujahudumiwa, hawakudharau, ndo mwendo wao, inua mkono tu. Daraja lenye paa unaloliona hapo ni Koornbrug, paa walilijenga 1825 ili nafaka zinazouzwa zisilowe.

Hatua ya 8: panda Burcht

Nyuma tu ya soko kuna kilima cha kutengenezwa na watu, na juu yake ngome ya mviringo, De Burcht. Bure. Imekaa pale inapokutana mikono miwili ya mto Rhine, Oude Rijn na Nieuwe Rijn, na nchi ilivyo tambarare kilima kile kifupi kinatosha kukuonyesha mapaa ya mji wote. Zunguka juu ya ukuta, ndani chini kuna nyasi na miti, wanafunzi wanalala huko na vitabu usoni. Upepo ni mwingi, hata kiangazi beba koti jepesi.

Kutoka juu utaona kanisa la Hooglandse Kerk, lina umbo la ajabu, sehemu moja imepanda juu sana na nyingine imebaki chini, mipango ilikuwa mikubwa kuliko pesa. Ndani ni jeupe, tupu, mwanga mwingi. Ukilikuta wazi ingia ukae.

Hatua ya 9: mchana wa uvivu kando ya mfereji wa nje

Miguu ikichoka usirudi mjini, fuata Hooigracht kushuka kusini mashariki mpaka ukutane na mfereji unaouzunguka mji. Ukingo wake wote wameuunganisha kuwa bustani moja ndefu, Singelpark, kilomita 6 hivi ukizunguka yote. Huzunguki yote. Chukua kipande hiki cha mashariki.

Anza na makaburi ya Groenesteeg. Najua, mtu atasema makaburini napumzikaje. Nenda uone. Yalitumika kuanzia 1813 mpaka 1975, sasa ni msitu mdogo wenye mawe yaliyoota kuvu, ndege wanaimba mpaka inakuwa kero, na mwanzoni mwa masika ardhi yote ni maua. Hakuna anayefanya fujo pale, na wewe usifanye.

Kisha fuata maji uingie Plantsoen, bustani ya karne ya 19, kuna tundu kubwa la ndege, vijia vinavyopinda, bata, akina mama na vigari vya watoto. Tandika kitenge, lala.

Ukirudi mjini kupitia Steenschuur utapita Van der Werfpark, nyasi wazi katikati ya nyumba zilizobanana, na ukijiuliza hii nafasi imetoka wapi jibu ni kwamba Januari 1807 meli iliyojaa baruti ililipuka hapo mferejini, ikaua watu kama 150 na kufuta mtaa mzima.

Hatua ya 10: kama bado una jioni

Kuna njia mbili. Ya kwanza, kukodi mashua ndogo ya umeme au kayaki mjini na kupita chini ya madaraja, huhitaji leseni kwa hizo ndogo, ila sheria ni kubaki upande wa kulia, na kwenye madaraja ya chini inamisha kichwa kweli kweli. Mkiwa wanne mkachanga inakuwa nafuu, na maji ya saa kumi na mbili jioni kiangazi hayana msongamano.

Ya pili, bahari. Kutoka stesheni kuna basi la Katwijk, kama nusu saa, au baiskeli kilomita kumi hivi za barabara tambarare. Ule ule Oude Rijn uliouona chini ya Burcht ndo unaingilia baharini huko. Maji ni baridi mno, usije na matumaini ya Bahari ya Hindi, watu wanaenda kutembea mchangani na kula chipsi na mayonezi huku wakitazama jua, ambalo mwezi wa sita linazama saa nne usiku.

Usiyetaka kwenda mbali toka mlango ule wa hospitali wa stesheni utembee kama robo saa mpaka Leidse Hout, bustani ya miti waliyoipanda kuanzia 1931 kuwapa kazi watu waliokosa ajira. Ina kulungu wa kwenye uzio na nyumba ya chai. Treni za kurudi Schiphol na The Hague ni nyingi mpaka usiku, gusisha kadi kabla hujapanda ngazi za jukwaani, na vyoo vya stesheni ni vya kulipia kwa hiyo maliza haja zako pale pale ulipokunywa chai.